Matundu Kumi na Sita ya Ghala la Baruti

Jumatatu nilikataa kutia sahihi. Jumanne nikakataa tena. Jumatano jioni kaka yangu akaja nyumbani kwangu na karatasi ileile ndani ya bahasha mpya. Nikamwambia bahasha ni nzuri, aniachie, ila karatasi aondoke nayo.

"Una kichwa kigumu wewe," akasema.

"Nimerithi kwa baba. Ninachojiuliza ni chako kimelainikia wapi."

Hakucheka. Zamani angecheka mpaka aegemee mlango. Lakini tangu awe msimamizi wa majengo ya manispaa, na kupewa koti la kung'aa lenye mifuko minane, kaka yangu amekuwa mtu wa kuangalia saa tu. Aliweka karatasi mezani, akaipangusa kwa kiganja kama ina vumbi.

Karatasi ilisema kwamba kuta za ghala la baruti la zamani zimepasuka katikati na kuachana, kwamba zimejaa maji, na kwamba jengo ni hatari kwa umma, kwa hiyo livunjwe. Injinia alishaweka sahihi. Kaka yangu alishaweka yake. Nafasi ya tatu ilikuwa ya fundi mtunzaji, na fundi mtunzaji ni mimi. Mwaka wa kumi na nne huu natunza majengo ya mawe ya mji huu kwa mkataba, na hakuna jengo la zamani linalobomolewa bila mtunzaji kukubali. Kati ya ghala na tingatinga palikuwa pamebaki jina langu tu.

"Soma ukurasa wa pili," kaka akasema. "Ukikataa, lazima uandike sababu ya kitaalamu. Usipoandika mpaka Ijumaa saa nne asubuhi, mkuu wa idara anasaini kwa niaba yako. Sasa una sababu, au una mdomo tu?"

Nilikuwa na sababu. Na yeye alijua ninayo. Na alijua pia kwa nini siwezi kuiandika. Ndiyo maana alikaa kwenye kiti changu kwa raha zake zote.

Ngoja nieleze lile ghala, maana watu wanapita pale kila siku na hawajui wanapita wapi. Lilijengwa na jeshi la zamani, la enzi ambazo mizinga ililishwa baruti kwa koleo. Baruti ina maadui wawili, cheche na unyevu, na aliyechora lile jengo aliwaogopa wote wawili sawasawa. Hakuna msumari wa chuma hata mmoja. Bawaba za mlango ni za shaba, sakafu imefungwa kwa vigingi vya mbao, na askari walivua viatu kwenye kijichumba cha nje kabla ya kuingia, kwa kuhofia cheche za njumu za chuma kwenye soli. Mlango wa uzio haukabiliani na mlango wa ghala. Ukiingia uzio unakutana na ukuta usoni, unazunguka, ndipo unauona mlango. Paa ni jepesi makusudi na kuta ni nene makusudi, ili siku mambo yakiharibika moto uende juu kwa Mungu, usiende pembeni kwa watu.

Na kuta hizo si moja moja. Ni mbili mbili. Kuna ukuta wa nje, kuna ukuta wa ndani, na katikati kuna nafasi ya upana wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Marehemu baba, aliyetufundisha uashi mimi na kaka, alitupeleka pale tukiwa wadogo. Akatupa fimbo, akasema tuiingize kwenye tundu la ukuta wa nje, chini karibu na msingi. Fimbo iliingia kidogo ikagonga jiwe. "Adui akirusha kijinga cha moto," baba akasema, "kinaanguka humo katikati na kuzimika. Tundu la ndani liko juu kule, karibu na paa." Yalikuwepo manane chini nje, na manane juu ndani. Tulishindana na kaka kuyahesabu mpaka tukagombana.

Sasa yule injinia, kijana mzuri, mwenye adabu, simlaumu hata kidogo, Jumatatu alikuja na nyundo ndogo akagonga ukuta. Ukamjibu kwa sauti ya debe tupu. Akagonga pengine, vilevile. Akamgeukia kaka yangu na uso wa daktari mwenye habari mbaya.

"Kuta zimeachana," akasema.

Nikaangua kicheko. Sikuweza kujizuia. "Zimeachana? Mwanangu, hizo hazijawahi kuoana!"

Nikamweleza habari ya kuta mbili. Alisikiliza vizuri, nampa haki yake. Kisha akaweka kiganja kwenye ukuta, akakitoa kimelowa, akanionyesha. Ukungu mweusi ulikuwa umepanda mpaka kimo cha mtu. Plasta ilikuwa inabanduka kwa mikunjo.

"Mama, tuseme ni kweli ndivyo ilivyojengwa," akasema. "Jengo la kuhifadhi baruti linakuwaje na maji hivi? Lingekuwa hivi, wangehifadhi uji. Haya yametoka wapi?"

Hapo nikainama kufunga begi langu la zana. Kaka yangu naye akaanza kukagua viatu vyake.

Maana niliyaleta mimi.

Miaka kumi na moja iliyopita ghala lilikuwa la ushirika wa wakulima. Waliweka mbegu mle, na mbegu zilikaa kavu kutoka msimu hadi msimu, safi kabisa. Tatizo lilikuwa panya. Waliingia kwa matundu ya chini wakatokea kwa matundu ya juu, wakala watakavyo. Karani wa ushirika, mama mmoja mpole, alikuja kuniomba msaada. Baba alikuwa ameshafariki. Nikafikiri kwa akili yangu: baruti haipo, kijinga cha moto hakuna wa kukirusha, matundu ya nini tena? Tena mvua ikipiga si inaingilia humo humo? Nikachanganya simenti, nikaziba yote kumi na sita, nje na ndani. Kaka alinishikia ngazi. Nikapiga plasta juu yake ikalingana na ukuta hata ungepitisha kucha usingeona alama. Nilijisifu sana siku ile! Nilitembea nyumbani nikipiga mluzi.

Baba alituambia habari ya moto. Habari ya hewa hakutuambia, au alituambia nasi tulikuwa tunagombania hesabu. Yale matundu yalikuwa mapua ya jengo. Hewa iliingia chini, ikapanda katikati ya kuta, ikakausha mawe, ikatokea juu. Mimi nililiziba pua na mdomo, nikaenda zangu nikipiga mluzi. Mwaka wa tatu mbegu zikaota ukungu ndani ya magunia. Msimu mzima wakulima walipanda mbegu zilizooza. Ushirika ukasema karani alikuwa anaacha mlango wazi wakati wa mvua, na yule mama mpole akamwaga unga, kazi ikamponyoka. Ghala likaachwa tupu.

Nilijua wiki ileile. Niliingia mle, nikanusa, nikajua. Nikamwambia kaka. Kaka akasema, "Tunyamaze, yatapita." Nikanyamaza. Miaka minane. Nasema wazi: niliona aibu, na nikaogopa mkataba wangu. Nikikutana na yule karani barabarani nilikuwa nahamia upande wa pili, tena kwa haraka, na begi langu la zana likinipiga kiunoni.

Basi hiyo ndiyo sababu ya kitaalamu iliyokuwa inatakiwa kwenye karatasi.

"Ukiandika," kaka akasema Jumatano ile, sauti imeshuka, "unaandika kwamba fundi mtunzaji ndiye aliyeliua jengo. Mkataba kwaheri. Na mimi wataniuliza nilikuwa wapi. Mdogo wangu, nina miaka mitatu nistaafu. Wanajenga maduka pale. Kazi ya uashi nimeshakuombea, ya mwaka mzima. Kwa nini unataka kujitia kitanzi kwa ajili ya mawe?"

"Kwa sababu hayajafa."

"Nini?"

"Ghala halijafa. Limezibwa pumzi. Ni vitu viwili tofauti. Na anayetaka kulizika akiwa anajua, huyo si msimamizi wa majengo, kaka. Huyo ni mchimba kaburi mwenye koti."

Akasimama. Akaichukua karatasi. Bahasha akaiacha, nadhani kwa hasira tu.

Alhamisi asubuhi na mapema nilikwenda na ngazi, patasi mbili, nyundo na chupa ya maji. Ufunguo ninao, mimi ni mtunzaji. Sikujua kama naweza. Simenti ya miaka kumi na moja haina urafiki na mtu, na mwaka huu natimiza hamsini na tatu. Nilianza na yale ya nje, nimepiga magoti, kwa kukumbuka tu yalipokuwa. La kwanza lilinichukua zaidi ya saa nzima. Plasta ilipokatika na bonge la simenti likaangukia ndani, nilisikia pumzi baridi usoni, yenye harufu ya gunia bovu. Nikakaa chini. Nikalia kidogo, kisha nikajitukana, nikainuka.

Mpaka jua linazama nilikuwa nimefungua yote manane ya chini na matatu ya juu. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, nikavifunga kwa kitambaa. Ijumaa nilirudi kabla jua halijachomoza, nikaendelea. Kila nikigonga nilikuwa nasema kwa sauti, "Huvunjwi. Huvunjwi, umenisikia?" Mtu angepita angedhani nimepagawa.

Saa nne kasoro tingatinga likafika. Nililisikia kabla ya kuliona, sakafu ilitetemeka. Nilikuwa nimefungua kumi na tano. La mwisho lilikuwa la juu kabisa ndani, kichwani mwa mlango, pale ukuta unapopanda kukutana na paa. Nikashuka kwenye ngazi, nikaenda kusimama mlangoni.

Palikuwa na watu. Manispaa ikibomoa kitu watu hawakosekani. Injinia alikuwa na kofia ngumu na faili. Kaka alikuwa kando ya tingatinga. Na nyuma, penye kivuli cha uzio, nikamwona yule mama karani, kajifunga mtandio, amekuja kuangalia kama wengine.

"Mama, toka ndani," injinia akasema. "Ni hatari."

"Kama ni hatari mbona niko humu tangu jana na sijaangukiwa hata na vumbi? Hilo vumbi unaloliona ni la patasi yangu."

"Dada, toka!" kaka akapaza sauti. "Usituaibishe mbele za watu."

"Thubutu! Aibu yenyewe bado hujaiona. Subiri kidogo." Nikamgeukia injinia. "Karatasi yenu ilinipa mpaka saa nne. Sasa hivi ni saa nne kasoro dakika kumi. Dakika kumi ni zangu. Njoo na tochi."

Akasitasita. Kisha akaweka faili chini, na hapo ndipo nilipompenda. Akapiga magoti kwenye tundu la nje akamulika kwa simu yake, akainamisha shavu mpaka likagusa udongo.

"Unaona nini?"

"Mawe."

"Mawe ya namna gani?"

Akasogeza simu. "Yamechongwa," akasema. "Pande zote mbili yamechongwa laini. Na viungo vimepakwa chokaa."

"Ukuta uliopasuka unakuwa hivyo?"

"Hapana." Akakohoa. "Ukuta uliopasuka unakuwa na meno."

Nikachukua gunia bovu na majani mabichi, nikayawasha mbele ya tundu lile lile. Moshi ulizunguka kidogo, ukajifikiria, kisha ukaingia ukutani wote. Watu wakapiga kelele. Nikamshika injinia mkono, nikamvuta ndani ya ghala. Juu kule, karibu na paa, moshi ulikuwa unatoka taratibu kwenye matundu saba, si moja, saba, ukipanda na kupotelea kwenye vigae. Injinia aliinua uso mpaka kofia ikamwanguka.

"Lilikuwa linapumua," akasema polepole.

"Linapumua. Weka mkono hapo ukutani ulipoweka Jumatatu."

Akaweka. Bado palikuwa na unyevu, siku mbili hazikaushi miaka kumi na moja. Lakini chini ya tundu lililofunguliwa kwanza jiwe lilikuwa limeanza kubadilika rangi, duara la ukavu lenye ukubwa wa sahani. Akalipapasa lile duara kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali nililokuwa nalingoja tangu Jumatatu, na watu walikuwa wamejaa mlangoni, na kaka yangu alikuwa mbele yao.

"Nani aliyaziba haya matundu?"

"Zamani hizo," kaka akasema haraka. "Hakuna kumbukumbu. Pengine ni jeshi lenyewe."

Alinipa mlango wa kutokea. Ulikuwa wazi kabisa na mimi niliuona. Ningetikisa kichwa tu, ghala lingepona, na mimi ningebaki na mkataba wangu. Nikamtazama yule karani. Alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu ili aone ndani.

"Mimi," nikasema. "Miaka kumi na moja iliyopita, kwa simenti, kwa mikono yangu hii. Nilidhani naziba panya. Nikauozesha ukuta. Na zile mbegu za ushirika ziliozeshwa na mimi, si na mlango ulioachwa wazi. Mama yangu pale nyuma, hukuacha mlango wazi hata siku moja. Nimejua miaka minane na nimekaa kimya. Unisamehe, na usiponisamehe nitaelewa."

Nilidhani atalia au atanitukana. Hakufanya lolote. Alinitazama, akafunga mtandio wake vizuri, akageuka akaondoka kwa hatua ndefu, na watu wakampisha. Ile ilinichoma kuliko matusi yote.

Injinia alikuwa amerudisha kofia kichwani. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hilo lazima niliandike, mama. Jengo nitaliondoa kwenye orodha ya kubomolewa. Lakini wewe unasimamishwa kazi kuanzia leo. Mkataba utaangaliwa upya, na sijui kama utabaki."

"Andika. Kwa herufi kubwa. Na kwenye ile nafasi ya tatu sitii sahihi ya kukubali. Lete kalamu niandike sababu."

Nikaandika, nimeegemea ukuta wenyewe, kila kitu, na jina langu chini yake. Karatasi ililowa kidogo pembeni lakini ilisomeka. Nikamrudishia, nikachukua nyundo na patasi, nikaiendea ngazi.

"Mama, nimekwambia umesimamishwa."

"Nimesimamishwa kazi ya mshahara. Hii silipwi. Limebaki moja."

"Huruhusiwi—"

"Niitieni polisi, wanikute juu."

Nikapanda. Ngazi ile ni ya mbao, ya baba, na mguu wake mmoja ni mfupi. Nilipofika juu ilianza kucheza. Mikono yangu ilikuwa imevimba. Nikapiga pigo la kwanza, ngazi ikayumba, nikaukumbatia ukuta. Nikapiga la pili, nikahisi naanza kwenda upande. Nikafumba macho.

Ngazi ikatulia. Ikatulia tuli, kana kwamba imeota mizizi.

Nikaangalia chini. Lile koti la kung'aa lilikuwa limetupwa sakafuni. Kaka yangu alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili, ameikandamiza kwa bega, mguu wake umekaa chini ya ule mguu mfupi, kama siku ile. Hakuniangalia mimi. Alikuwa anamwangalia injinia.

"Umemwandika aliyeziba peke yake," akasema. "Andika na aliyeshika ngazi."

Nje dereva alizima tingatinga.

"Shika vizuri basi," nikamwambia. "Siku ile ulikuwa unaniyumbisha."

"Piga huko," akasema. "Mdomo tu."

Nikapiga.